Faili Mbili za Milioni Nane

Kwa miaka kumi na tisa nilifanya kazi katika idara ya mikopo ya benki moja hapa Nairobi, na tangu nilipostaafu kuna faili mbili ambazo hazijanitoka akilini. Zote mbili zilipita mezani pangu mwaka 2010, katika juma moja, na kila moja ilikuwa ya shilingi milioni 8. Katika ripoti tuliyotuma makao makuu mwishoni mwa mwezi zilijumlishwa chini ya safu moja ya mali isiyohamishika, zikawa milioni 16, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzitenganisha tena.

Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja muuguzi, mkazi wa Kahawa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akikatwa mshahara ili kulipia ploti yake ya Roysambu kupitia SACCO ya kazini, na sasa alitaka kuinua juu yake jengo la orofa nne lenye bedsita 24 za kupangisha, akiongeza mkopo wetu juu ya akiba yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya bwana mmoja mfanyabiashara aliyekuja na ramani iliyokunjwa mfukoni, akanieleza kwa ufupi kwamba amepata shamba la ekari tano karibu na Barabara ya Kangundo, kwamba mwenye shamba ana haraka ya kuuza, na kwamba akilikata vipande vya thumuni ya ekari atamaliza kuviuza kabla ya miaka miwili. Mama aliomba muda wa miaka kumi. Bwana aliomba mitatu, na hata hiyo aliiomba kwa tahadhari tu.

Nimezikumbuka faili hizo kwa sababu mjadala kuhusu benki na nyumba umerudi kwa nguvu tangu riba zilipoanza kushuka, na karibu kila anayehojiwa redioni anarudia hoja moja, kwamba benki zikifungulia mikopo ya nyumba na ardhi, uchumi wa taifa utakua. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila inaruka swali ambalo lilipaswa kutangulia, nalo ni hili: shilingi ikishatoka benki, inakwenda kufanya nini? Mkopo unaomwaga zege na mkopo unaobadilisha tu jina kwenye hati miliki huandikwa kwa namna moja katika vitabu vya benki, lakini katika uchumi undugu wao ni wa mbali sana.

Mjengo wa Roysambu niliufahamu vizuri kwa sababu hatukutoa pesa zote kwa mara moja. Msingi ulipokamilika na mkadiriaji gharama akatia sahihi cheti, tulitoa awamu ya kwanza. Zege la orofa ya kwanza lilipomwagwa, tukatoa ya pili, na kuendelea hivyo hadi paa. Kila awamu nilitumwa kwenda kutazama kwa macho, nikipanda matatu katika Barabara ya Thika, ambayo wakati huo ilikuwa imechimbuliwa yote kwa ajili ya upanuzi uliokamilika mwaka 2012, nikafika nikiwa nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Mawe yalitoka machimbo ya Ndarugo, mchanga ulitoka Machakos kwa malori yaliyofika usiku, simiti ilitoka viwanda vya Athi River. Palikuwa na mafundi wa mawe, wa mbao na wa chuma, na palikuwa na watu wa mkono waliopanda ngazi za mbao wakiwa na karai za zege begani.

Langoni palikuwa na mama wa githeri na chapati, aliyejisitiri chini ya mabati mawili yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa jirani. Watu wa mjengo walikula kwa mkopo wake juma zima, na Jumamosi, siku ya malipo, alisimama pale na daftari la shule lenye mistari ya mraba, akikata majina kwa kalamu moja baada ya jingine. Juma moja awamu yetu ilichelewa kwa sababu ya sahihi iliyokosekana makao makuu. Mafundi hawakulipwa, majina hayakukatwa, na Jumatatu iliyofuata hapakuwa na chapati, kwa sababu pesa za unga zilikuwa zimelala ndani ya daftari lile. Nilikuwa nimesoma mambo ya benki chuoni kwa miaka kadhaa, lakini sikuwahi kuona kwa uwazi namna hiyo jinsi sahihi ya mtu aliyeketi orofa ya kumi katikati ya mji inavyoweza kuzima jiko la Roysambu.

Inafaa kueleza kilichokuwa kikitendeka pale, kwa maana watu wengi hudhani benki hukopesha kwa kuchukua pesa za mweka akiba mmoja na kumkabidhi mkopaji. Benki inapoidhinisha mkopo huandika amana mpya kwa jina la mkopaji, na kwa sehemu kubwa pesa katika uchumi wa kisasa huzaliwa kwa njia hiyo, ingawa benki hubanwa na mtaji wake, na masharti ya Benki Kuu, na hofu yake yenyewe ya kutolipwa. Pesa mpya ya muuguzi ilikutana na kazi mpya na bidhaa mpya: mawe yaliyochongwa kwa sababu yake, siku za kazi ambazo zingepotea bila yeye, na mwishoni vyumba 24 ambavyo havikuwapo. Fundi alipolipwa alinunua unga na kulipa karo, mwenye duka la unga akaagiza gunia jingine, na shilingi ileile ikahesabika katika pato la taifa zaidi ya mara moja kwa sababu kila ilipopita iliacha kazi iliyofanyika. Na jengo lilipokwisha halikunyamaza, kwa kuwa liliendelea kuzalisha huduma ya makao mwezi baada ya mwezi.

Sasa tazama milioni 8 za Barabara ya Kangundo. Zilitoka akaunti ya bwana zikaingia akaunti ya mwenye shamba, mzee aliyekuwa akihamia kwa mwanawe, ambaye naye kwa sehemu kubwa ya pesa hizo alinunua ardhi kwingine. Wakili alipata ada yake, dalali akapata kamisheni yake, mpima ardhi akafanya kazi ya siku chache, serikali ikapokea ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani. Hizo ada ndizo pekee zilizoingia katika pato la taifa kama uzalishaji. Bei ya ardhi yenyewe haihesabiwi, kwa sababu ardhi haikuzalishwa na mtu. Ilikuwepo kabla ya mauzo na ilibaki vilevile baada yake, isipokuwa sasa ilikuwa na vigingi vyeupe na bei ya juu zaidi. Pesa mpya inapokutana na kitu kisichoweza kuongezeka, inachoweza kufanya ni kupandisha bei ya kitu hicho, na bei ikipanda, mthamini anayekuja baadaye huiandika bei hiyo mpya kama thamani ya dhamana, benki nyingine ikakopesha zaidi kwa msingi wake, na duara likajifunga.

Sitaki kumwonea bwana yule. Mtu hawezi kujenga bila ploti, na kuna familia ambazo zisingemiliki hata futi moja ya ardhi kama hakungekuwa na watu kama yeye wanaonunua mashamba makubwa na kuyakata vipande vinavyoweza kulipika. Ninachosema ni kwamba kazi yake ilikuwa ya kuandaa, na kwamba thamani yake kwa uchumi ilitegemea kama kuna mtu atakayekuja baadaye na simiti.

Kisha ukaja mwaka 2011. Bei za vyakula na mafuta zilikuwa zimepanda na shilingi ilikuwa imedhoofika hadi kupita mia moja kwa dola, na Benki Kuu ya Kenya, baada ya kusitasita kwa miezi, ikapandisha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 7 mwezi wa Septemba hadi 18 mwezi wa Desemba. Mikopo yetu ilikuwa ya riba inayobadilika, kama ilivyo mingi nchini hadi leo. Mimi ndiye niliyetia sahihi barua zilizowaarifu wateja kwamba riba zao “zimerekebishwa”, neno ambalo tangu siku hiyo sijalipenda.

Muuguzi alikuwa amekopa kwa asilimia 14, mwaka wa kwanza akilipa riba peke yake hadi jengo likamilike. Kwa riba hiyo marejesho yake ya miaka kumi yalikuwa takriban shilingi 124,000 kwa mwezi, na bedsita 24 kwa kodi ya shilingi 6,000 zingemletea 144,000 zikijaa zote. Hesabu ilikuwa imebana lakini ilisimama. Riba ilipofika asilimia 24, marejesho yaliruka hadi karibu 176,000. Alikuja ofisini na bahasha ya risiti, akaketi kimya, nami nikampa ushauri ambao kila afisa wa mikopo hutoa, kwamba turefushe muda. Tulipopiga hesabu ya miaka kumi na tano, marejesho yalishuka hadi karibu 165,000 tu. Wengi hawajui jambo hili: riba ikiwa juu kiasi hicho, karibu malipo yote ya miaka ya mwanzo huliwa na riba, hivyo kuongeza miaka hakupunguzi mzigo wa mwezi ila kidogo, huku kukiongeza sana jumla atakayoilipa mkopaji. Alikubali, kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na kwa zaidi ya mwaka mmoja aliziba pengo la kila mwezi kwa mshahara wake wa uuguzi na zamu za usiku katika zahanati ya mtu binafsi. Benki Kuu ilishusha kiwango chake hatua kwa hatua hadi asilimia 8.5 mwezi wa Mei 2013. Riba zetu nazo zilishuka, lakini kwa mwendo wa kobe, wakati kupanda zilikuwa zimepanda kwa mbio.

Bwana wa Kangundo hakuguswa. Kabla barua zangu hazijafika alikuwa amekwisha kuuza ploti thelathini, akalipa mkopo wote katika mwezi wa kumi na nane, akakaribishwa kunywa chai na meneja na kupewa mwamvuli wenye nembo ya benki. Mkopo wake wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza na uliidhinishwa bila maswali mengi. Ukisoma faili hizo kwa jicho la benki, yeye ndiye mteja wa kupigiwa mfano, na muuguzi ni hatari iliyoponea chupuchupu. Kwa benki hukumu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Amana zetu nyingi zilikuwa za muda mfupi, watu wakiweka leo na kutoa mwisho wa mwezi, na pesa za namna hiyo hupenda mkopo unaorudi haraka kuliko mkopo wa miaka kumi uliofungiwa ndani ya kuta za mawe. Shida ni kwamba wapo maafisa mamia katika benki nyingi ambao kila mmoja hufanya uamuzi huohuo wa busara, na jumla ya busara zao inasukuma mikopo ya taifa kuelekea kwenye ardhi tupu.

Takwimu za taifa hazisaidii sana kuliona jambo hili. Katika ripoti ya uchumi iliyotolewa mwaka 2025, Shirika la Kitaifa la Takwimu lilionyesha kwamba mwaka 2024 uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7, kwamba sekta ya ujenzi ilinywea kwa asilimia 0.7, na kwamba sekta ya mali isiyohamishika ilikua kwa zaidi ya asilimia 5. Msomaji wa kawaida atauliza vipi majumba yakue ilhali ujenzi unarudi nyuma. Jibu ni kwamba sekta hiyo hupimwa hasa kwa kodi za nyumba, zikiwemo kodi za kukadiriwa, kwa sababu mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe huhesabiwa kana kwamba anajilipa kodi. Idadi ya watu mijini ikiongezeka na kodi zikipanda, sekta “inakua” hata kama hakuna lori la mchanga lililoingia mjini. Mimi hutazama kwanza takwimu za simiti, na mwaka huo matumizi ya simiti yalipungua.

Upo pia ugumu wa kujua kipi kilitangulia. Mikopo ya nyumba huongezeka wakati uchumi unapokua, hilo halina ubishi, lakini mara nyingi ni ukuaji unaovuta mikopo: mishahara inapanda, watu wanathubutu kukopa, benki zinathubutu kukopesha. Barabara ya Thika ilipokamilika, maombi ya mikopo ya kujenga kuanzia Kasarani hadi Juja yaliongezeka mezani kwetu. Ukichora mstari wa mikopo na mstari wa uchumi katika karatasi moja utaona vimekwenda pamoja, lakini barabara, ambayo ndiyo iliyovivuta vyote viwili, haimo kwenye mchoro.

Nchi tajiri zimetuachia somo la upande wa pili. Wanauchumi Òscar Jordà, Moritz Schularick na Alan Taylor walikusanya takwimu za nchi 17 zilizoendelea tangu mwaka 1870, wakaona kwamba sehemu ya mikopo ya benki iliyokwenda kwenye nyumba na ardhi, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa kama theluthi moja, imefika karibu asilimia 60 katika miaka yetu, na kwamba tangu Vita vya Pili vya Dunia mafuriko ya mikopo hiyo yamekuwa yakifuatwa na misukosuko ya kifedha na kupona kwa kujikokota. Ayalandi ndiyo mfano ninaopenda kuutaja, kwa kuwa kule mikopo ya benki haikununua tu ardhi, ilijenga kweli kweli. Uchumi ulikua, mafundi walitoka nchi nyingine kuja kufanya kazi, kisha mwaka 2008 ikabainika kwamba nyumba zilizojengwa hazikuwa na watu wa kuzikalia. Benki ya Anglo Irish ilitaifishwa Januari 2009, na Novemba 2010 nchi ikakubali msaada wa euro bilioni 85, huku mitaa mizima ikiwa imesimama bila mapazia madirishani. Kwa hiyo hata zege lina mpaka wake. Nyumba isiyo na mpangaji haina tofauti kubwa na ploti yenye vigingi.

Hata hivyo anayetumia Ayalandi kututisha Wakenya amekosea anwani. Mikopo yote ya kununulia nyumba nchini ni kama 30,000 hivi, katika nchi iliyohesabiwa watu milioni 47.6 mwaka 2019, na salio lake lote ni karibu asilimia 2 ya pato la taifa. Wastani wa mkopo mmoja ni zaidi ya shilingi milioni 9, na kiasi hicho peke yake kinakuonyesha ni watu wa mapato gani wanaoupata. Serikali imekuwa ikitaja mahitaji ya nyumba mpya 250,000 kila mwaka dhidi ya takriban 50,000 zinazojengwa. Benki zetu hazijazidisha mikopo ya nyumba. Nyumba ya mtu wa kawaida bado hazijaanza kuikopesha.

Hesabu ya sababu yake haihitaji utaalamu. Chukua mkopo wa shilingi milioni 5 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 14 utalipa kama 62,000 kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umelipa karibu milioni 15. Kwa asilimia 9 ni kama 45,000 kwa mwezi na milioni 10.8 kwa jumla. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote ya mshahara, pamoja na ushuru, yazidi theluthi mbili, kwa hiyo mwenye mshahara wa laki moja, ambaye mtaani huitwa mtu mwenye kazi nzuri, hawezi kupewa mkopo huo kwa riba ya asilimia 14 hata kama angekubali kula sukuma kavu miaka yote ishirini.

Na riba iko juu kwa sababu kuna mkopaji mwingine mlangoni, mwenye mkono mrefu kuliko wote. Februari 2024 serikali iliuza hati fungani ya miundombinu kwa riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyotozwa ushuru. Mwezi huohuo Benki Kuu ilikuwa imefikisha kiwango chake asilimia 13. Niambie ni benki gani ingemhangaikia muuguzi, ikague msingi wake, itume mtu kwenye vumbi la Roysambu, ingoje miaka kumi na tano, wakati Hazina ya Taifa ilikuwa ikilipa zaidi kwa kubofya kitufe. Mwishoni mwa mwaka huo mikopo kwa sekta ya kibinafsi kwa ujumla ilikuwa imepungua ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, na mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa inavyopaswa, ilikuwa imepita asilimia 16 ya mikopo yote. Tangu Agosti 2024 kiwango cha Benki Kuu kimekuwa kikishuka, kikapita chini ya asilimia 10 kufikia katikati ya 2025, lakini nilikwisha kusema habari ya kobe.

Kuna walioamini dawa ni kuiwekea riba kifuniko kwa sheria. Tulijaribu. Kuanzia Septemba 2016 riba haikuruhusiwa kuzidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya alama 4 za asilimia, na tulichofanya benki hakikuwa siri: tulikunja mikono. Mteja ambaye hatari yake tuliihesabu kuwa kubwa kuliko riba iliyoruhusiwa hakupewa riba nafuu, alirudishwa nyumbani. Sheria hiyo iliondolewa Novemba 2019. Naona jitihada yenye akili zaidi ni ile ya kampuni ya ufadhili wa mikopo ya nyumba, KMRC, iliyoanza kazi baadaye kidogo, ambayo hutafuta pesa za muda mrefu na kuzipitisha kwa benki na SACCO kwa riba ya chini ili nazo zikopeshe kwa riba ya tarakimu moja, yaani chini ya asilimia 10. Bado ni ndogo, ila imegusa kidonda chenyewe, yaani urefu wa pesa.

Wala si jambo geni kwetu. Mimi nililelewa Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu katika miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fedha za shirika la maendeleo la Uingereza na kuuzwa kwa mikopo ya muda mrefu kupitia Housing Finance, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1965. Wazazi wetu walikuwa makarani, walimu na wafanyakazi wa reli. Kila mwisho wa mwezi baba alikuwa na kijitabu cha malipo alichokiweka ndani ya Biblia, na siku alipokimaliza alipaka lango rangi ya kijani. Pale pesa ndefu ilikutana na nyumba za kawaida na mishahara ya kawaida, na majirani zetu walipokwisha kulipa, wengi walitumia nyumba hizohizo kama dhamana ya kuanzishia biashara. Ukuaji wa namna hiyo huchukua miaka ishirini kuonekana, ndiyo maana hakuna waziri anayeusubiri.

Muuguzi alinipigia simu mwaka 2025 kunijulisha kwamba amemaliza deni na hati yake imeondolewa rehani. Nilikwenda kumpongeza. Vyumba vyote 24 vilikuwa na watu, na orofa ya chini alikuwa ametoa nafasi ya kinyozi na duka la maji ya mitungi, na kijana mmoja anayeshughulikia jengo alikuwa akigombana na mpangaji kuhusu nguo zilizoanikwa ngazini. Nilimuuliza kama angekopa tena. Alicheka, akamimina chai, akaniuliza riba sasa ni ngapi.

Juma lililofuata nilikuwa na safari ya mazishi upande wa Tala, na tuliporudi nilimwomba dereva apunguze mwendo karibu na lile shamba la ekari tano. Nyumba zilikuwa sita, moja haina paa. Ploti nyingine zilikuwa na mahindi yaliyokauka na vigingi vilivyoinama, na dalali aliyeketi chini ya mwavuli kando ya barabara alinitajia bei ambayo ni zaidi ya mara tatu ya ile ya mwaka 2010, akaongeza kwamba ile ya pembeni imebadilisha mikono mara nne na mwenyewe wa sasa yuko tayari kuzungumza. Katikati ya ploti hiyo, juu ya nguzo mbili za mbao, palikuwa na ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: PLOTI HII HAIUZWI.